Mshono wa Gereza

Mwaka ule nilikuwa nimeachika. Nilimrushia mume wangu pasi ya mkaa ikamkosa, na mpaka leo sijui kama najuta kuirusha au najuta kumkosa. Nikarudi kwa baba, Nyamirambo, nikiwa na miaka ishirini na sita, sanduku moja na mdomo mchafu. Nikapewa kigoda changu cha zamani pale barazani na kazi yangu ya zamani: vifungo, vitundu vya vifungo, na pindo. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Baba alikuwa fundi cherehani, mtoto wa fundi cherehani, na babu yake alikuja na wafanyabiashara wa pwani, akaishiwa bidhaa hukuhuku, akaoa, akabaki. Watu wa Kigali walituita Waswahili, kana kwamba hatukuzaliwa kwenye vilima vilevile walivyozaliwa wao.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Baba alikuwa na desturi ya kwenda gereza kuu kila Ijumaa baada ya sala, kuwapelekea wafungwa Waislamu sabuni na mkate. Ijumaa moja alirudi na mtu.

"Huyu atakaa kwetu miezi sita," alisema, kama vile ameleta kuku. "Anajua kushona."

Nilimtazama. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu, na kanzu aliyoazimwa ilimwishia katikati ya miguu. Alibaki amesimama mlangoni mpaka alipoambiwa akae.

"Alifungwa kwa nini?" niliuliza mbele yake, maana sijawahi kuwa na subira ya kumvuta mtu pembeni.

"Aliua," baba akasema. "Mletee maji anawe."

Aliua miaka kadhaa nyuma, mwaka ule nyumba zilipochomwa. Sitaandika ni kabila gani lililochoma na lipi lililochomewa, aliyekuwepo anajua. Kule Kimironko, ambako siku hizo kulikuwa na migomba na mashamba ya maharage tu, kundi la watu lilivamia nyumba ya seremala mmoja, wakaichoma, wakamwua yeye uani kwake. Kundi zima lilirudi nyumbani, likanawa mikono, likala. Aliyefungwa ni huyu peke yake, kwa sababu alikutwa na msumeno wa marehemu. Sasa gereza lilikuwa linamwachia kabla ya wakati, kwa sharti apatikane mtu wa kumdhamini: amweke kwake, na kila Jumatatu ampeleke komini, ofisi ya serikali ya pale mjini, akamwonyeshe kwa karani. Akipotea, aliyemdhamini ndiye atakayeingia ndani badala yake. Miezi sita ikiisha salama, yuko huru.

"Na hukupata mwizi wa kuku wa kumdhamini?" nilimwuliza baba tulipobaki wawili.

"Ameniomba mwaka mzima, nikamwambia ndiyo. Sasa unataka nirudi nimwambie nilikuwa namtania?"

Sikula naye. Baba na yule mtu walikula kwenye sinia moja, mimi nikachota changu mapema nikaenda kula jikoni, nimewapa mgongo. Yule mtu alinikera kwa kila kitu. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Alisimama kila mtu alipoingia chumbani, hata paka. Nikimtukana alisema, "Ndiyo, dada," kwa sauti ileile aliyoitikia chakula. Nilitamani ajibu walau mara moja ili nipate sababu.

Lakini kushona alijua, tena kuliko mimi. Gerezani kulikuwa na karakana ya nguo, na askari wa pale alikagua kazi kwa kushika upindo kwa mikono miwili na kuuvuta. Ukifunguka, unachapwa. Kwa hiyo wafungwa walibuni mshono wao: sindano inakwenda hatua mbili, inarudi moja, na kila baada ya urefu wa kidole inafungwa fundo dogo. Kwa nje unaona vidoa vidogo vimelala upande, vimepangana kama sisimizi. Upindo ule haufunguki mpaka nguo yenyewe ichanike. Baba alipouona alicheka kwa kufurahia kazi nzuri, halafu akaacha kucheka.

"Hapa utashona kwa mashine tu, nyuma ya pazia," alimwambia. "Pindo zote atashona binti yangu. Watu wengi mjini hapa wamefua nguo za ndugu zao waliofungwa. Wataujua mkono wako."

Basi wateja walimwona baba na mimi, na mashine iliyolia nyuma ya pazia hawakuiuliza. Lakini njia ya komini ilikuwa ya mchana na ya watu wote. Baada ya Jumatatu ya tatu, mawe yakaanza. La kwanza lilitoboa bati. La pili lilimpata baba begani akiwa anapima kiuno cha mteja. Mteja alikimbia na sindano mbili kwenye suruali, na hakurudi wala kuzirudisha. Kisha zikaanza sauti kutoka uchochoroni: mtoeni, mtoeni, au tutawachoma wote. Nani angekuwa anatupa mawe? Sikuhitaji kuuliza. Niliona ni ndugu za seremala, na moyoni niliwapa haki.

Jumatatu ya ishirini na mbili walimngoja baba kwenye mikaratusi, pale njia inapoteremka. Walikuwa watatu, wamejifunga nguo usoni. Yule mtu wetu walimpiga marungu ya mbavu mpaka akaanguka mtaroni, wakamwacha hapo. Waliyemtaka ni baba. Wawili walimlaza kifudifudi, wakamnyoosha mkono wa kulia juu ya jiwe, na wa tatu akauponda kwa jiwe jingine. Alipiga mara tatu. Akamwambia, "Mutoe huyo mutu, muzee. Mukono ingine bado iko."

Mimi niliwaona walipokuwa wanarudi: yule mtu anapanda kilima akitema damu, baba yuko mgongoni kwake, mkono wake unaning'inia kando ya ile shingo ndefu. Vidole vyake viwili vya katikati vilielekea upande, kama vimebandikwa na mtu asiyejua vidole. Mfupa wa kimoja ulikuwa nje. Baba hakulia. Alikuwa anasoma dua kwa sauti ndogo na kukosea maneno, yeye aliyekuwa anatusahihisha sisi wote. Hospitali walimfunga plasta, na daktari akasema mkono huo ungeweza kushika kikombe, siku moja, Mungu akipenda. Kuhusu sindano hakusema kitu.

Nilimfuata yule mtu uani alipokuwa anaosha damu ya baba kwenye kanzu.

"Siwalaumu ndugu za marehemu," nilimwambia. "Mimi ningekuwa wao nisingehangaika na mkono wa mzee. Ningekuchoma wewe."

"Ndiyo, dada."

"Ondoka. Nenda Burundi. Kimbia."

"Nikikimbia watamufunga mzee."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ulinipandisha hasira zaidi. Nilimpiga kofi. Akalipokea, akaendelea kufua.

Mtu aliyetufariji sana siku zile alikuwa konseye, diwani wetu wa mtaa. Alikuwa na mashine ya kusaga unga pale kona. Alihamia kwetu miaka michache nyuma, akiwa na mashine mpya, na hakuna aliyemwuliza aliipata wapi. Hakuwa Mwislamu lakini alijua adabu zetu zote. Alikuja na ndoo ya unga, akakaa na baba nusu saa, akamshika ule mkono mzima.

"Pole, muzee wangu. Ihangane, uvumilie," alisema. "Hawa watu ya kisasi iko wabaya sana. Umuachie tu huyo muntu, aende kwake. Kwa nini ufe sababu ya mwingine?"

Nilimsindikiza hadi barabarani na kumshukuru. Nilimwita baba mdogo.

Baba alikuwa amelala chumba cha ndani, ana homa, na kazi zikalundikana. Ilibidi pazia liwe zito zaidi na yule mtu ashone kila kitu isipokuwa pindo. Hapo ndipo alipokuja mama mmoja kutoka Kimironko, kwa miguu, miguu yake imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Alikuwa amebeba koti la mwanamume, amelifunga kwenye kitenge kama mtoto.

"Fundi iko?"

"Fundi mgonjwa, mama. Nipe mimi."

"Hii ilikuwa ya bwana yangu. Ninataka uipunguze, ikuwe ya kijana. Amepata nafasi ya sekondari." Akatoa na shati la huyo mwanawe, nipimie hilo. "Waliniambia kwa Waswahili mutu hawezi kumuuliza mutu maneno mingi."

Lilikuwa koti zuri la sufu ya kahawia. Begani upande wa kushoto lilikuwa limepasuka, likashonwa na uzi mweusi na mtu ambaye mikono ilikuwa inamtetemeka. Bitana lilikuwa na doa lililofuliwa mara nyingi mpaka likawa rangi ya chai. Sikuuliza, kama alivyotaka. Nilikata kikaratasi cha vipimo, nikakibana kwenye mfuko, nikalipeleka nyuma ya pazia lifumuliwe.

Mashine haikulia muda mrefu. Nilipochungulia, alikuwa amelilaza koti mapajani, kidole chake kiko kwenye ule mpasuko wa bega.

"Dada," alisema, "hii koti ninaijua."

Nikajua kabla hajaendelea.

"Hapa ni mimi," akasema, akakisogeza kidole kufuata uzi mweusi. "Na panga. Ya kwanza ni yangu. Alianguka lakini hakukufa. Alikuwa anamuita bibi yake alete maji, kama mutu ametoka kazi tu."

"Nyamaza."

"Ya mwisho si yangu."

"Nimesema nyamaza."

Mtu mwenye busara angelifunga lile koti, akampelekea fundi mwingine. Mimi nilichukua sindano nikamtia mkononi kwa nguvu, ikamtoboa kiganja.

"Utalishona wewe. Utalishona kuliko nguo yoyote uliyowahi kushona. Na kila ukichoma sindano ujue unachoma nini."

Nilidhani ile ni haki. Leo naijua ilivyokuwa: roho mbaya tu, na niliifurahia. Siku tatu nzima nilikuwa nachungulia nyuma ya pazia kuona kama anaumia. Alilifumua lote, akaligeuza ndani nje ili upande usiopauka uje juu, akalihamisha lile bega lililopasuka mpaka mpasuko ukaingia ndani ya mshono wa mkono, hata mimi nikautafuta nisiuone. Akalishona na upindo. Kwa ule mshono wake wa gerezani. Niliona vile vidoa vimelala upande, nikakumbuka katazo la baba, lakini nilikuwa na gauni la harusi la mke wa bwana mkubwa mmoja wa Kiyovu lililotakiwa siku ileile, na upindo ule ulikuwa umekaa sawa kuliko wangu. Nikasema moyoni, nani ataangalia upindo wa koti la mtoto wa shule. Nikalipiga pasi mwenyewe.

Aliliangalia yule mama. Jumatano alikuja, akalishika koti, akalisifu, akaligeuza, na pale kwenye upindo akaacha kuzungumza. Alivuta kwa mikono miwili. Hakuna kilichofunguka.

"Hii mshono iko ya gereza," alisema. "Kaka yangu walimufunga baada ya nyumba kuungua. Yeye aliunguliwa, na yeye walimufunga. Miaka mbili nilifua nguo yake. Nani alishona hii?"

"Mimi," nilisema.

"Wewe ulifungwa?"

Barazani tulikuwa sisi wawili tu. Pazia likafunguka, akatoka mwenyewe, akasimama mikono imenyooka mapajani, vile alivyofundishwa kusimama ndani. Yule mama alimtazama muda mrefu. Nilishika mkasi mkubwa wa kukatia bila kujua nitamtetea nani.

"Ni wewe," mama akasema.

"Ni mimi."

Nilingoja apige yowe. Hakupiga. Alikaa kwenye kigoda changu, koti mapajani, akaanza kuuliza kama mtu aliyekuwa na orodha tayari kwa miaka.

"Wa kwanza kumupiga ni nani?"

"Mimi."

"Alisema nini?"

"Alikuita. Alitaka maji."

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa kwenye mutama. Wa mwisho ni nani?"

Yule mtu aliangalia barabarani kwanza. Kisha alitaja majina sita, polepole, na la sita ndilo lilikuwa la aliyemmaliza seremala kwa nyundo yake mwenyewe ya kazi. Jina hilo nililijua. Nilikuwa nimelila kwenye ugali wiki nzima. Lilikuwa jina la konseye wetu.

Nadhani sikutaka kuliamini, ndiyo maana nilimgeukia yule mama. "Na nyinyi je? Nyinyi mlimvunja baba yangu mkono."

"Sisi nani?"

"Ndugu zake marehemu. Mnaotupa mawe."

Alinitazama kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. "Ndugu zake wawili walikufa siku ileile. Wengine iko Burundi. Kaka yangu alitoka gereza akakufa. Mimi niko na kijana moja. Nani kati yetu atakuja Nyamirambo kurusha jiwe? Sisi tukisikia watu kwenye barabara tunaingia kwenye majani mpaka wapite."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wiki zote zile nilikuwa nimewapa watu wale marungu mikononi, nikawapa na haki ya kuyatumia, kumbe hawakuwa na hata mtu wa kuyashika. Waliokuwa wanatupiga ni wale walionawa mikono wakala. Walikuwa wanaogopa mdomo wa mtu mmoja.

"Ulimjua tangu lini?" nilimwuliza yule mtu.

"Siku ya kwanza aliletea mzee unga. Nilimuona kwa pazia."

"Na ukanyamaza?"

"Mzee iko na mkono moja."

Yule mama alisimama, akafunga koti lake. Alisema mtu mmoja akienda kusema hawamsikilizi, alijaribu zamani, wakamfukuza. Wawili labda. Akamwuliza yule mtu kama atasema naye. Akasema atasema. Akaniuliza mimi kama nimesikia majina. Nikasema nimesikia. Tukapatana: zimebaki wiki tatu miezi sita iishe, siku atakapokuwa huru, baba akiwa hayuko tena rehani, tutakwenda komini wote watatu.

"Mpaka hapo, dada, usiseme kitu," yule mtu aliniambia. Alinijua vizuri kuliko nilivyodhani. "Wiki tatu tu."

Niliahidi. Niliapa kwa Mungu, tena nikiwa na udhu.

Kesho yake asubuhi konseye alikuja na ndoo nyingine ya unga. Alisimama barazani na tabasamu lake, akaniuliza, "Mukono ya muzee wangu inaendelea?" Nilikuwa nimekesha nikimgeuza baba kitandani kwa homa. Nilikuwa nimeapa. Niliipokea ndoo kwa mikono miwili, nikammwagia yote usoni.

"Muulize marehemu," nilisema. "Wewe ndiye wa mwisho. Na nyundo yake."

Alikuwa mweupe toka nywele mpaka kifuani. Watu waliopita walicheka, wakidhani ni mzaha wa jirani na jirani. Alijipangusa macho, jicho moja kwanza, kisha la pili. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Kumbe anaongea," alisema, akachukua ndoo yake akaenda.

Nilimwambia baba yote. Hakunigombeza. Alikaa kitandani, akaomba kanzu yake. Kesho yake, Ijumaa, homa na yote, alikwenda msikitini mapema kumwomba shehe amfiche yule mtu kwao baada ya sala. Akamwagiza yule mtu asitoke ndani mpaka arudi.

Wakaja wakati wa hotuba. Wanaume wote walikuwa msikitini, barabara tupu, na mashine ya kusaga pale kona iliwashwa ikaachwa inanguruma bila mahindi, nilisikia kwa mlio wake kwamba ilikuwa tupu. Walikuwa saba, na safari hii hawakujifunga nyuso. Wawili nilikuwa nimewashonea mashati. Nilisimama mlangoni na ule mkasi. Wa kwanza nilimchoma mkono, ukazama mpaka nikahisi mfupa, na nitasema wazi kwamba nilihisi raha. Rungu likanipata mdomoni. Niliona sakafu, niliona meno yangu mawili sakafuni, nikaona miguu inanipita.

Walimkuta amekaa kwenye mashine. Alisimama walipoingia, kama alivyosimama kwa kila mtu. Walimburuta kwa kanzu mpaka barabarani, na hakupiga kelele. Nilitambaa hadi barazani, nikawaona. Walipiga miguu kwanza asisimame, halafu mikono, halafu wakapiga popote. Sauti ya rungu kwenye mtu si kubwa kama unavyodhani; ni kama mtu anapiga godoro uani. Alijaribu kufunika kichwa kwa mkono uliokwisha kuvunjika. Mmoja akaomba apishwe, akashika panga kwa mikono miwili. Konseye alikuwa amesimama mlangoni kwa mashine yake, mikono nyuma, kama anayengoja mteja. Sikumwona akipiga. Nilipopiga kelele mashine ilinifunika.

Msikiti ulipotoka walikuwa wameshaondoka, wakitembea.

Baba alimwosha mwenyewe, kwa mkono mmoja, hataki mtu amsaidie, akiuinua mkono wa maiti kwa kiwiko cha ule wa plasta. Tulimzika kabla ya alasiri. Watu walijaa makaburini, na kila aliyekuwapo alijua ni nani aliyefanya, wakatazama chini.

Jumatatu ilikuwa siku ya komini. Baba alivaa koti lake la sikukuu. Nilimshika mkono, uso wangu umevimba, tukaingia kwa karani. Konseye alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya meza, kofia mapajani.

"Muntu wako iko wapi?" karani aliuliza.

"Ameuawa," baba akasema. "Ijumaa. Mchana. Watu wote—"

"Mimi sina karatasi ya kifo. Niko na karatasi ya muntu haonekani." Karani hakuinua macho. "Muzee, sikiliza vizuri. Kama alikimbia, ninaandika alikimbia, hiyo ni makosa yake, na mimi ninakusamehe sababu ya mukono. Lakini kama unasema aliuawa, aliuawa nyumbani kwa nani? Mwenye nyumba ndiye tunaanza kumuuliza. Ndani, wakati tunatafuta."

Konseye akatikisa kichwa kwa huruma. "Muzee iko mgonjwa," alisema. "Gereza itamuua."

Baba alifungua mdomo. Namjua baba yangu. Angesema tena, na angetaja jina, na asingetoka katika jengo lile kwa miguu yake. Niliitazama plasta ile juu ya meza. Kwa maisha yangu yote mdomo wangu ulikuwa umetangulia akili, na siku hiyo moja nilifikiri kwanza, nikapima, nikachagua.

"Ametoroka," nilisema. "Ijumaa asubuhi. Alikwenda Burundi."

Karani aliandika. Baba alinigeukia, na sikumtazama. Alipewa kalamu aweke sahihi. Mkono wake haukuweza, basi niliweka mimi, kwa jina lake, kwa mwandiko mzuri.

Nje, kwenye ngazi, alikuwa amekaa yule mama wa Kimironko. Habari ilikuwa imemfikia. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, amevaa nguo yake ya kanisani, na aliposimama aliniambia, kabla sijasema neno, kwamba amekuja kusema majina. Mwenzetu amekufa, alisema, lakini tumebaki sisi wawili tuliosikia, na wawili labda watasikilizwa.

"Tuingie," alisema. "Ulikwisha kuwaambia nini?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Singeweza kudanganya mara mbili kwa saa moja.

"Nimesema alitoroka," nikamwambia. "Nimetia sahihi."

Hakunitukana, na ningemshukuru kama angenitukana. Alikaza mkanda wa nguo yake, akaangalia barabara aliyokuja nayo.

"Sawa," alisema. "Basi na bwana yangu naye alitoroka."

Akashuka ngazi, akaanza kutembea kurudi kwao.